Mama Mkwe Yuko Chumba cha Pili

Wiki iliyopita niliwaacha mkitutazama mimi na mke wangu Winny tukipanda ngazi za Jumba la Kasuku, ufunguo mkononi, godoro kichwani, tukicheka kama watoto. Wengi wenu mlinitumia ujumbe wa pongezi. Mmoja aliandika kwamba hadithi yangu sasa imekwisha, maana mtu akishapata nyumba Nairobi hana tena la kusimulia.

Pole, ndugu. Kicheko chenyewe kiliishia ngazi ya juu kabisa.

Kwa anayenikuta leo: mimi ni Jackton Obonyo, mchoraji wa mabango. Yule ng'ombe anayetabasamu kwenye bucha za Soko la Burma ni wangu. Mwenye nyumba alitutoa Shauri Moyo mke wangu akiwa mjamzito, na tangu hapo tumelala kwa binamu, tumelala kanisani, tumelala kwenye stoo ya rangi. Ndipo tukasikia kwamba lile ghorofa la kale kule upande wa chini wa mji, lenye kasuku wa mawe juu ya mlango, limekarabatiwa liwe makao ya wasanii wasio na uwezo. Kodi ya kulipika. Niliomba, nikahojiwa, nikapewa chumba.

Leo nina jambo la kuungama. Nimevunja ukuta wa Jumba la Kasuku. Nimeuvunja mchana kweupe, kwa mikono yangu, baada ya kukatazwa na kuelezwa sababu. Sijuti hata kidogo, na nitawaambia kwa nini.

Mwenyekiti wa kamati ya wapangaji, Wavinya, alitusubiri juu. Ni mfinyanzi, mama wa makamo mwenye udongo kwenye kucha na roho safi. Hiyo roho safi ndiyo iliyonimaliza.

"Karibuni nyumbani," alisema. "Huku juu kuna vyumba viwili, jiko moja na bafu moja. Mtatumia pamoja na jirani. Lakini msiwe na wasiwasi, nimewapangia vizuri kabisa. Nimewaweka na mtu wenu."

"Mtu wetu nani?" niliuliza.

Mlango wa bafu ukafunguka. Akatoka mama mkwe wangu, Aluoch, amejifunga kanga kifuani, povu la sabuni begani.

Sikufikiri. Niliangusha godoro, nikageuka, nikashuka ngazi mbio. Nyuma yangu nilisikia mlango wa bafu ukibamizwa na Wavinya akiuliza, "Jamani, nini? Kwani hamfurahii?"

Niliponea uani, kwenye karakana ya Ndambuki, mchonga vinyago wa chumba cha chini. Alikuwa anamkwangua twiga shingo. Akanitazama nikihema.

"Niaje, Jackton? Umeona polisi?"

"Nimeona mama mkwe."

Akaweka patasi chini polepole. "Amevaa?"

"Nusu."

"Woi," alisema Ndambuki, na akanisogezea kigogo nikalie.

Msomaji ambaye si Mluo ataniuliza shida iko wapi. Shida ni kwamba kwetu mkwe na mama mkwe hawalali nyumba moja. Hawapeani mikono. Yeye haoni kitanda changu, mimi sioni maji yake ya kuoga. Anayevunja heshima hiyo anajiitia chira, ule mkosi unaomkausha mtu na kizazi chake. Chekeni mkitaka. Kizazi changu kiko tumboni mwa Winny, mimi sikuona la kuchekesha.

Winny alinifuata chini akiwa ameshika kiuno.

"Ulijua mama yako ameomba chumba hapa?" nilimuuliza.

"Nilijua."

"Na yeye alijua mimi nimeomba?"

"Angejuaje? Nyinyi mnaongea?"

Kweli, hatuongei. Neno lake kwangu hupitia kwa Winny, na langu kwake vilevile. Ndiyo heshima yenyewe. Sasa heshima hiyo ilikuwa imetuingiza shimo moja, kila mmoja kwa njia yake, bila mwenzake kujua.

"Na wewe ukanyamaza," nilisema.

"Jackton, uliona ule umati siku ya kuomba? Wachoraji, waimbaji, watu wa vikaragosi, mpaka barabarani. Nilisema Mungu akinipa mmoja wenu nitashukuru. Sikuwaza atanipa wote wawili." Akaanza kucheka na kulia pamoja. "Halafu Wavinya akaona jina langu kwenye fomu zote mbili, mke huku na binti kule, akadhani anatufanyia hisani."

Nilishindwa kumkasirikia. Nilimfuta machozi kwa kitambaa changu cha rangi, akabaki na mstari wa kijani shavuni.

Nikaenda kwa Wavinya kuomba tubadilishiwe chumba. Alisikiliza vizuri, akaelewa mpaka akashika mdomo, akaomba msamaha. Lakini vyumba vyote vilikuwa na watu. Ndambuki alikubali kubadilishana nasi apande juu, ila magogo yake hayakukubali. Sakafu ya juu ni mbao za kale, zingeshuka naye.

"Basi?" nilimuuliza.

"Basi mmoja wenu apishe," alisema Wavinya. "Nasikitika, Jackton. Na usikae nje sana. Mwenye chumba asipolala humo, watu wanasema hakihitaji."

Niacheni nimweleze mama mkwe wangu kabla hamjasema apishe yeye. Aluoch ni mwimbaji wa dodo, zile nyimbo za wanawake wa Kiluo. Ana kikundi chake cha akina mama, na sauti yake ikipanda, mbwa wa mtaa mzima hunyamaza. Kaloleni walimfukuza kwa sababu ya mazoezi. Kabla ya Kaloleni walimfukuza Makongeni, kwa kosa hilohilo. Ni mjane, magoti yamemchoka, na Jumba la Kasuku ndipo mahali pa kwanza maishani mwake ambapo ameambiwa, "Imba, mama, ndiyo sababu tumekupa chumba." Mimi nimtoe hapo? Mimi niliyemwoa binti yake?

Basi wiki ile tuliishi hivi. Nililala kwenye maranda ya mbao kwa Ndambuki. Asubuhi nikitaka kupanda kuchukua brashi, nakohoa chini ya ngazi. Yeye akiwa jikoni, anagonga sufuria, nami nasubiri. Akiwa bafuni anaimba, nami nasubiri zaidi, maana Aluoch haogi kwa haraka. Wapangaji walikuwa wananipita ngazini wakinisalimia kama bawabu.

"Bado anaoga?" waliuliza.

"Amefika ubeti wa pili," nilijibu.

Cheka uchekavyo, mtu anachoka. Siku moja Winny alishuka macho mekundu.

"Mama anafunga mizigo."

"Anaenda wapi?"

"Hana pa kwenda. Anasema mwanamke mjamzito hawezi kukaa bila mume ili yeye aimbe."

"Mwambie afungue mizigo," nilisema. "Mwambie hatoki mtu kwenye jumba hili. Hatoki yeye, hutoki wewe, sitoki mimi. Tumetolewa vya kutosha."

Winny alipanda, akashuka. "Anauliza mtaishije."

"Mwambie nafikiri."

Akapanda tena, mkono kiunoni, akashuka. "Anasema usifikiri sana. Anasema hapa mjini tukihesabu paa hatutapona, kila mtu yuko chini ya paa la mwenzake. Tuhesabu mlango. Ukiwa na mlango wako usiopita kwake, hiyo ni nyumba yako, na yeye ana yake."

Nilisimama. Mama mkwe wangu alikuwa amenipa kazi.

Chumba chetu kina dirisha refu linaloangalia baraza ya nyuma, na kutoka barazani kuna ngazi ya chuma ya kushuka uani. Dirisha limekomea usawa wa kiuno changu. Ukikata mawe ya chini yake tu, unapata mlango. Juu kuna boriti tayari, hakuna cha kuanguka. Ningepanda na kushuka kwa nyuma, nikanawe kwa bomba la uani, na nisimwone Aluoch mpaka siku ya kumpa jina mtoto.

Kwanza niliomba ruhusa. Nataka hilo liandikwe kwa herufi kubwa. Niliomba.

Msanifu wa jengo anaitwa Ilwad, msichana wa Eastleigh, mwerevu, mwenye kofia ya manjano ya ujenzi juu ya hijabu. Yeye ndiye aliyesimamia ukarabati tangu jumba likiwa makao ya popo. Nilimpeleka mpaka dirishani.

"Naomba mlango hapa," nilimwambia.

"Hapana."

"Hujasikia sababu."

"Wavinya ameniambia sababu. Pole sana, wallahi. Lakini jengo hili limehifadhiwa. Hata msumari haturuhusiwi kupigilia. Kuna wageni wanakuja kulikagua, na wao ndio wanaoamua kama tutapewa majumba mengine mawili tuyafanye hivi. Anayegusa ukuta anatoka siku hiyohiyo. Uliambiwa ukakubali."

"Mnahifadhi nini, Ilwad?"

"Historia."

"Ya mawe."

"Ya mji."

Hapo kichwa kilipata moto. "Yule kasuku wa mlangoni mmempaka dawa asimomonyoke. Kila mtu akipita mnamwambia msimguse, ni wa zamani. Mimi nina heshima niliyopewa na babu, naye alipewa na babu yake, ni ya zamani kumshinda kasuku na aliyemchonga. Hiyo mnaniambia niikanyage kila asubuhi nikienda chooni. Mlisema nyumba hii ni ya wasanii. Mlidhani wasanii hawana mama wakwe?"

Ilwad hakukasirika. Alipapasa lile jiwe la dirisha kama mtu anayempapasa mgonjwa.

"Nimelisafisha jiwe hili kwa mswaki," alisema. "Kwa mkono wangu. Sikubishii, Jackton. Nakuambia tu jibu ni hapana."

Nilimheshimu kwa hilo. Halafu nikashuka kwa Ndambuki.

"Niazime patasi kubwa na nyundo," nilimwambia.

"Ya nini?"

"Usiulize."

Alinitazama, akatazama juu dirishani, akanigeuzia mgongo na kuendelea na twiga wake. "Sijakuazima," alisema. "Umeniibia nikiwa naangalia pembeni. Na babu zetu Ukambani, kama hujui, mtu akikutana na mama mkwe njiani alikuwa anaruka kichakani. Chukua na ile ndogo ya pembeni."

Nilianza saa za mchana, wakati mafundi wa mabati kule nyuma wamepamba moto na mtu hasikii hata simu yake. Winny alishika ndoo ya kifusi. Nilimkataza, akaniambia nikate mawe niwache kumkata yeye maneno.

Pigo la kwanza lilitoa vumbi tu. La pili likatoa chokaa. La tatu lilisikika jumba zima, na nikasimama.

Ndipo ng'ambo ya ukuta sauti ikapanda.

Aluoch alikuwa anaimba. Hakuanza na wimbo wa polepole, alianza na ule wa arusi, wa kupiga miguu sakafuni. Mbao zikaanza kutikisika. Nilimwangalia Winny.

"Amejua," Winny alinong'ona.

Nilipiga patasi. Akakanyaga sakafu. Nikapiga, akakanyaga. Mara nikaona hakuna haja ya kukisia, pigo langu lilikuwa linaingia ndani ya wimbo wake, na yeye akaupanga wimbo unisubiri. Tangu nimwoe Winny sijawahi kupeana mkono na mama yake. Mchana ule tulifanya kazi pamoja, na wasomaji, niliona raha. Nilikata mawe nikicheka. Nilikuwa navunja sheria na nilijiona mtu mzima kuliko siku zote nilizoomba kwa adabu.

Jiwe la mwisho lilikuwa kubwa. Nililisukuma kwa mguu lilale barazani. Lilikataa kulala. Liliteleza juu ya vumbi, likapita kwenye reli kuukuu ya mbao, likaenda.

Kisha mlio chini, na sauti ya Ndambuki: "Twiga wangu!"

Niliinama kuchungulia. Twiga alikuwa amebaki miguu. Ndambuki alisimama kando yake mzima, mikono kichwani. Na hatua chache kutoka kwake walisimama Wavinya, Ilwad, na wageni waliovaa kofia mpya za manjano. Wote walikuwa wanatazama juu, kwenye tundu, na ndani ya tundu uso wangu.

Ndio wale wakaguzi wa Ilwad. Walisema watakuja wiki ijayo. Walikuja siku hiyo.

Niliwasikia wakikimbia ngazini. Winny alisimama na ndoo yake. Nilijipangusa uso, nikashika patasi vizuri. Nilikuwa tayari kutoka. Nitasema ni mimi, nitasema kwa nini, nitabeba godoro langu. Nilishaanza kupanga maneno.

Mlango ukafunguliwa. Hakuwa Ilwad.

Aluoch aliingia chumbani mwangu.

Aliingia kwa miguu yake, pekupeku, jasho la kuimba bado usoni. Alipita kitanda changu kisichotandikwa. Alipita suruali yangu iliyotundikwa. Wiki nzima alikuwa amegonga sufuria ili asinione nikipita, na sasa alikuja moja kwa moja mpaka nilipo, akanyoosha mkono, akanipokonya patasi. Kisha akachota vumbi la chokaa sakafuni na kujipaka kifuani.

"Mama, unafanya nini?" Winny alisema.

Ilwad akatokea mlangoni, Wavinya nyuma yake, wageni nyuma ya Wavinya. Ilwad aliliona tundu. Sikuwahi kumwona mtu akiumia vile kwa ajili ya mawe.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza.

"Ni mimi," alisema Aluoch.

"Wewe, mama?"

"Mimi. Nimezaliwa na mikono, sivyo? Nilitaka hewa. Huyu kijana ameingia sasa hivi kunizuia."

Wavinya alikuwa karibu kulia. "Mama Aluoch, unajua maana yake. Ni kutoka leo."

"Najua. Mizigo yangu ilishafungwa."

Wageni walinong'onezana. Mmoja alianza kupiga picha. Mama mkwe wangu alikuwa amenifunga kamba kila upande. Nikinyamaza, anatoka, anarudi barabarani na magoti yale na sauti ile isiyotakiwa popote. Nikisema, namwita mwongo mbele ya wageni. Kwetu mkwe hampingi mama mkwe hata akisema jua ni jeusi. Alilijua hilo. Alikuwa ametumia heshima yangu kunifunga mdomo.

Alishaanza kutembea kuelekea mlangoni.

"Mama ni mwongo," nilisema.

Alisimama. Hakugeuka.

Nilisema tena, kwa sauti ya kusikika mpaka uani. "Mama mkwe wangu anadanganya. Ukuta nimevunja mimi. Niliukata ili yeye awe na nyumba yake na mimi yangu. Nilikatazwa na nikaukata. Mkitaka kutoa mtu, mtu mwenyewe ni huyu hapa."

"Usimsikize," Aluoch alisema, bado amenipa mgongo. "Anajitia ushujaa. Patasi iko mkononi mwa nani?"

"Mawe yale angeyainua huyu?" nilisema. "Mwangalieni magoti!"

"Magoti yangu yanakuhusu nini?"

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kuniambia mimi mwenyewe, bila kupitia kwa mtu, tangu nimwoe binti yake.

Ilwad aliinua mkono. "Basi! Chumba kimoja kinarudi leo. Mbele ya hawa wageni sina njia nyingine. Lakini sitamtoa mtu asiye na kosa." Akamgeukia mke wangu, aliyekuwa amesimama pembeni na ndoo imejaa kifusi. "Winny. Wewe ulikuwa humu ndani. Nani alivunja?"

Watu wote waligeuka. Mama yake naye akageuka, mara ya kwanza.

Nilimtazama Winny nikimwomba kwa macho aseme ukweli, na papo hapo nikakumbuka ukweli huo unamtoa yeye pia, na mtoto, usiku wa leo, turudi stoo ya rangi. Na uongo unamtoa mama yake. Sikujua tena namwomba nini.

Winny aliweka ndoo chini. Alijifuta mikono kwenye gauni, taratibu, mkono mmoja kisha mwingine.

"Mama, kwanza toka kwenye chumba cha mume wangu," alisema. "Hili ninalotaka kusema, sitaki ulisikie ukiwa umesimama kando ya kitanda chake."